Kiganja Hakikatwi: Mafunzo ya Usafi wa Mtoto na Historia ya Darajani

Litajwapo neno utamaduni, wengi wetu huwaza ngoma, mashairi, milango ya nakshi na mavazi ya arusi. Ni wachache wanaomkumbuka mtoto mchanga aliyekalishwa miguuni mwa mama yake, uani, saa ya alfajiri, akingojewa apate haja. Hata hivyo hapana mtu katika taifa letu, awe mshairi, awe mvuvi, awe kiongozi, ambaye hakupitia somo hilo. Ni somo la kwanza la kuishi na watu: kuujua mwili wako, kuujua wakati, na kutambua kwamba mahali unapokaa wewe hukaa na mwenzako pia.

Wazee wetu walilifumbata somo hilo katika methali moja: mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Kinachofanywa ni kukiosha. Methali hii hutumiwa sana katika kusuluhisha ugomvi wa ndugu, hata watu wakasahau kwamba asili yake ni jambo la kweli lililotokea mkononi mwa mzazi wa kweli. Insha hii yakusudia kuirudisha methali hiyo mahali ilipozaliwa, kisha kuonyesha kwamba historia ya usafi mjini Unguja, ya mtoto na ya mji wenyewe, ni historia ya mikono miwili: mkono unaoosha na mkono unaoaibisha. Tutatazama ni upi kati ya hiyo uliofaulu.

Hori na daraja

Hatuna budi kuanza na mahali. Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa juu ya rasi, na kwa muda mrefu rasi hiyo ilitengwa na sehemu nyingine ya kisiwa kwa hori, yaani mkono wa bahari, uliojaa maji wakati wa maji kujaa na kubaki tope wakati wa maji kupwa. Watu walivuka kwa daraja, na hapo ndipo lilipotokea jina la Darajani. Upande wa pili uliitwa Ng'ambo, jina linalosema lenyewe kwamba aliyelitoa alikuwa amesimama upande wa mawe. Mwaka 1904 soko kuu lilijengwa hapo Darajani, na katika karne ya 20 hori likafukiwa kidogo kidogo hata likawa nchi kavu. Leo mwanafunzi apitaye pale haoni maji wala daraja. Husikia jina tu.

Katika karne ya 19, hori na fukwe za mji zilikuwa pia mahali pa kutupia taka na uchafu wa binadamu, bahari ikiachiwa kazi ya kuzoa. David Livingstone, alipofika mwaka 1866, aliutania mji kwa jina la dharau kwa sababu ya uvundo wa pwani yake. Lakini uvundo ulikuwa jambo dogo kuliko kile kilichofuatana nao. Kipindupindu kiliingia Unguja zaidi ya mara moja katika karne hiyo, na pigo la mwaka 1869 hadi 1870 liliua maelfu ya watu. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi mjini wakati huo, alilieleza pigo hilo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1876, akifuata njia ya maradhi pamoja na misafara ya biashara na vyombo vya baharini. Twajua leo jambo ambalo watu wengi wa zama zile hawakulijua: kipindupindu husafiri kutoka katika choo hadi katika maji, na kutoka katika maji hadi kinywani. Kwa hiyo swali la mtoto apate haja wapi halikuwa swali la adabu peke yake. Lilikuwa swali la uhai.

Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alijenga hamamu katika mtaa ambao hata leo huitwa Hamamni, na akaleta mjini maji ya chemchemi kwa mabomba. Kazi hiyo ya maji ilikuwa miongoni mwa kazi kubwa za utawala wake. Lakini mabomba yalitangulia upande wa mawe. Ng'ambo, waliokokaa watu wengi waliotoka utumwani na wahamiaji waliokuja kutafuta riziki, watu wengi waliendelea kuteka maji visimani na kwenye mifereji ya barabarani, na kuyabeba nyumbani kichwani. Mwalimu na awaulize wanafunzi wake: kuna tofauti gani kati ya mama anayemwosha mtoto mara nane kwa siku akiwa na mfereji ndani ya nyumba, na mama anayemwosha mara hizo hizo kwa maji aliyoyabeba mwenyewe?

Mafunzo ya mchana

Katika malezi ya pwani, mtoto na mama yake hukaa ndani siku arobaini baada ya uzazi, wakitunzwa na mkunga na jamaa wa kike. Ni katika siku hizo hizo ambapo mama hujifunza dalili za mtoto wake: namna anavyojinyonganyonga, anavyonyamaza ghafla, anavyokunja uso. Hayo hayakuandikwa katika vitabu. Yalipita kutoka kwa bibi hadi kwa mwana na mjukuu, na kwa sababu yalikuwa kazi ya wanawake na ya uani, wageni wengi waliozuru Unguja na kuandika juu yake hawakuyaona.

Wachache waliogusa malezi waliyaandika kwa ufupi. Salma binti Said, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, alieleza malezi ya watoto wa jumba katika kumbukumbu zake zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mswahili wa upande wa Bagamoyo, alieleza desturi za Waswahili katika maandishi yaliyochapishwa na Carl Velten nchini Ujerumani mwaka 1903, na uzazi na malezi yamo ndani yake. Katika kusoma habari za jumba la mfalme tusisahau jambo moja: mtoto wa bwana aliogeshwa na kutunzwa na mikono ya watumwa. Mkono uliooshwa baada ya kunyewa haukuwa daima mkono wa mzazi.

Ushahidi wa kitaalamu ulio bora zaidi juu ya mafunzo yenyewe haukuandikwa Unguja bali kwa jirani zetu Wadigo, wakaao pwani kusini ya Mombasa hadi upande wa Tanga, watu wanaoshirikiana nasi bahari, dini na lugha ya Kiswahili. Mwaka 1977 Marten deVries na M. Rachel deVries walichapisha katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani maelezo ya mafunzo ya Wadigo. Waliona kwamba mama alianza kumfundisha mtoto katika majuma ya kwanza ya maisha yake. Kwa haja ndogo, mama huketi chini na kunyoosha miguu, akamweka mtoto katikati, mgongo wa mtoto ukielekea kwake, kisha akatoa kwa midomo sauti ya kupuliza mithili ya maji yanayotiririka. Kwa haja kubwa, mtoto huelekezwa uso kwa mama, na miguu ya mama ndiyo inayokuwa kiti chake. Hufanywa hivyo mara nyingi mchana, na usiku pia. Mtoto akipata haja hunyonyeshwa, au huchekewa na kukumbatiwa. Asipopata haja, haadhibiwi. Kwa njia hiyo, wasema watafiti hao, mtoto wa miezi 5 au 6 aliweza kukaa mkavu mchana na usiku.

Tuelewe vyema maana ya maneno hayo. Mtoto wa miezi 5 hawezi kwenda chooni peke yake, wala kuvua nguo. Kinachosemwa ni kwamba yeye na mlezi wake wameshapatana: mtoto hutoa dalili, mlezi huijibu, mlezi hutoa sauti, mtoto huiitika. Ni mazungumzo kabla ya maneno. Na mazungumzo hayo huwezekana pale ambapo mtoto yuko siku nzima mgongoni, mapajani au ubavuni mwa mtu anayemjua, na pale penye ua wa udongo au mchanga na maji karibu.

Sheria ya dini nayo iliyapa mafunzo hayo uzito. Waislamu wengi wa Unguja hufuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu hayo mkojo ni najisi inayozuia sala mpaka nguo isafishwe. Hata hivyo, kwa mtoto mwanamume anyonyaye ambaye hajaanza kula chakula, nguo iliyopatwa na mkojo wake hutoshelezwa kwa kunyunyiziwa maji mahali hapo. Wa mtoto mwanamke huoshwa. Mwanafunzi wa chuoni alijifunza hukumu hiyo pamoja na hadithi ya Mtume aliyekojolewa na mtoto mchanga akaagiza maji, bila ya kumkemea mtoto wala mama yake. Mtoto alipokuwa mkubwa kidogo alifundishwa kuingia chooni kwa mguu wa kushoto na kutoka kwa wa kulia, kuchamba kwa mkono wa kushoto, na kulihifadhi kopo la maji mahali pake. Hivyo basi usafi wa mtoto ulifungamana na ibada ya nyumba nzima, na mama aliyetaka kusali sala tano kwa wakati alikuwa na sababu njema ya kumsoma mtoto wake mapema.

Winda na biashara ya dunia

Huenda msomaji akauliza: je, mtoto alifungwa nini katikati ya haja moja na nyingine? Alifungwa winda, na winda nalo lina historia. Mwaka 1833 Sultani Said alitia sahihi mapatano ya biashara na Marekani, na pamba iliyofumwa huko ikamiminika Unguja hata nguo yenyewe ikaitwa merikani. Katika nusu ya pili ya karne hiyo kanga ikaenea. Kanga mpya ilivaliwa kwa fahari. Ilipochakaa ilikuwa na thamani ya pili, kwa kuwa pamba iliyofuliwa mara mia huwa laini na hunywa maji vizuri. Kanga kuukuu ikawa shuka la mtoto, mbeleko, kisha winda, na mwisho kitambaa cha kufutia. Hakikutupwa kitu.

Huko Marekani yenyewe mambo yalikwenda njia nyingine. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 wazazi wengi walihimizwa kumzoeza mtoto mapema na kwa saa maalumu, kwa ukali uliofanana na wa kiwandani. Baadaye wataalamu wakaupinga ukali huo. Mwaka 1962 daktari T. Berry Brazelton alichapisha habari za watoto 1,170 aliowafuata, ambao wazazi wao walishauriwa kungoja hadi mtoto mwenyewe aonyeshe kuwa tayari, yapata miezi 18. Kwa wastani watoto hao walifaulu mchana walipokaribia miezi 28 na nusu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1961, kampuni ya Procter & Gamble ilikuwa imeanza kuuza nepi za kutupa kwa jina la Pampers. Kungoja kukawa rahisi, na nepi zikapata soko.

Je, nani alikuwa na haki, mama wa Kidigo au daktari wa Boston? Tusikimbilie kutoa hukumu kwa sababu tu mmoja ni wetu. Mama wa Kidigo alianza mapema, naye daktari alichelewesha. Lakini wote wawili walikataa adhabu. Tofauti yao ni ya mazingira: ua na sakafu, mgongo na kitanda cha mtoto, jamaa wengi na mama wa peke yake. Kufanana kwao ndiko kwenye somo: mtoto hufundishika anapopewa wakati na mapenzi, wala si anapoogopeshwa.

Mafunzo ya usiku

Hapa yatupasa kusema ukweli juu yetu wenyewe, kwani insha ya utamaduni isiyotaja kasoro huwa ni tangazo. Mchana wa mtoto mchanga uliongozwa na methali ya kiganja. Usiku wa mtoto mkubwa mara nyingi uliongozwa na jina baya: kikojozi. Mtoto wa miaka 5, 6 au 7 aliyelowesha kitanda aliamshwa kwa makelele, akatwikwa godoro au mkeka wake kichwani, na watoto wa mtaani wakamzunguka kwa nyimbo za kumcheka. Aliambiwa kwamba amekojoa kwa sababu alichezea moto jana jioni. Wapo watu wazima wengi, wenye wajukuu, ambao bado wanaikumbuka asubuhi moja ya namna hiyo kuliko wanavyoikumbuka siku waliyohitimu chuoni.

Elimu ya mwili yatueleza kwamba ukavu wa usiku haufundishwi kwa njia ya ukavu wa mchana. Aliye macho aweza kuamua, aliyelala haamui. Usiku ubongo hutoa kichocheo kinachopunguza mkojo, na kibofu hupeleka habari kwa ubongo ili mtu aamke. Kwa watoto wengine mipango hiyo hukomaa mapema, kwa wengine huchelewa, na mara nyingi kuchelewa huko hurithiwa: mzazi anayemcheka kikojozi huenda alikuwa kikojozi yeye mwenyewe. Katika watoto 100 wenye umri wa miaka 5, wapatao 15 bado hukojoa kitandani, na wengi wao hupona kadiri miaka inavyopita bila ya dawa yoyote. Huo si ukaidi, wala si uvivu, wala si moto wa jana.

Kwa nini basi watu wenye subira ya namna ile mchana wakawa na ukali wa namna hii usiku? Sababu moja ni umasikini wa nafasi na maji. Watoto watatu au wanne walipolala kitanda kimoja cha kamba, au mkeka mmoja, mkojo wa mmoja ulikuwa kero ya wote. Na asubuhi maji ya kufulia yalikuwa maji yale yale ya kupikia, yaliyobebwa kutoka kisimani. Aibu ilikuwa dawa ya bure katika nyumba isiyokuwa na kitu kingine cha kutoa. Lakini dawa ya bure haikuponya. Mtoto aliyeaibishwa hakuamka usiku. Alilala kwa hofu, na akajifunza kuficha nguo iliyolowa.

Zilikuwako pia njia nyingine, za wale waliobaki na methali ya kiganja mpaka usiku. Bibi aliyelala na mjukuu wake alimpunguzia maji baada ya sala ya isha, akamwamsha taratibu kabla ya yeye mwenyewe kulala, akamwongoza kwa kandili hadi chooni kwa sababu giza la uani lilimtisha mtoto kuliko kitanda kilicholowa. Alitandika kanga kuukuu chini yake, na asubuhi akaifua kabla wengine hawajaamka. Hakuna wimbo ulioimbwa. Ushauri wa madaktari wa leo hauko mbali na desturi hiyo.

Mji nao ni mtoto

Sasa turudi kwenye hori. Katika zama za ukoloni wa Kiingereza, ulioanza mwaka 1890, Ng'ambo ilitazamwa na wakubwa kama mtoto mchafu. Ripoti zilitaja vibanda, mashimo na maradhi. Hazikutaja mara nyingi kwamba watu wale wale waliotuhumiwa kwa uchafu walikuwa wakilipishwa kodi ya ardhi waliyojengea nyumba zao, kodi iliyowafanya wagome mwaka 1928. Mji wa mawe na Ng'ambo vilitazamana kuvuka Darajani, mmoja ukiwa na mabomba na mwingine ukiwa na lawama. Huo nao ulikuwa mkono unaoaibisha, na kama ule wa usiku, haukumsafisha mtu.

Mkono unaoosha waonekana katika mifano mingine. Mwaka 1973, Tanzania Bara iliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji kwa mikono yao. Hawakuitwa wachafu, waliitwa watu, na afya ikaitwa jina lao. Huku Unguja, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, majumba ya ghorofa yalijengwa katika eneo la Ng'ambo, ya Michenzani yakiwa mashuhuri kuliko yote, na familia zilizozoea shimo la uani zikapata choo ndani ya nyumba. Mafunzo ya mtoto yalibadilika pia: ghorofani hapana udongo, na mama aliyenyoosha miguu uani sasa alihitaji poti na beseni. Wala kazi haikuisha, kwa kuwa kipindupindu kilirudi Visiwani mwaka 1978, na kimerudi tena mara kadhaa tangu hapo, hasa mahali ambapo maji safi na maji machafu hukutana baada ya mvua za masika.

Hapo pana jambo moja la kufundishwa skuli bila ya haya. Mahali pengi duniani, na kwetu pia, watu hudhani kwamba choo cha mtoto mchanga hakina madhara. Sivyo. Chaweza kubeba vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima, na mara nyingine zaidi. Mkojo wa mtoto una wepesi wake katika sheria ya tohara. Kinyesi chake hakina wepesi, si katika tohara wala katika afya. Chapasa kutiwa chooni, na mkono uliomtawadha mtoto uoshwe kwa sabuni kabla haujagusa chakula. Methali yetu yasema kiganja hakikatwi. Haikusema kwamba kisioshwe.

Leo wanawake wengi hufanya kazi nje ya nyumba zao, na nepi za kutupa zimewarahisishia mambo. Si haki kumlaumu mama aliye kazini kutwa kwamba hamkalishi mtoto wake miguuni kila saa kama bibi yake. Lakini ni haki kuuliza nepi hizo huishia wapi katika kisiwa chenye ardhi ndogo, na ni haki kukumbuka kwamba mama zetu walikuwa na elimu kamili ya jambo hili, yenye dalili, sauti, mkao, wakati na thawabu, kabla daktari yeyote hajaiandika.

Elimu hiyo ni mali ya taifa sawasawa na milango ya nakshi. Tuirithi kwa kuchagua. Tuichukue subira ya mchana, na tuiache aibu ya usiku. Na mtoto wa darasa la kwanza anapolowesha nguo skulini, kwa hofu au kwa ugeni, darasa zima litamtazama mwalimu lione atafanya nini. Afuate desturi ya bibi yule: amtoe nje kimya, amtafutie maji na nguo kavu, kisha amrudishe mahali pake.